Firigisi Kwenye Chupa ya Jamu

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana najua huko Kitale kwa wakwe wetu hii habari imeshapikwa ikaiva: ndiyo, ni mimi, mimi ambaye darasani siinui mkono hata jibu likiwa limenijaa mdomoni, niliyesimama mbele ya wazee waliokuja kumposa dada yangu nikawaeleza safari ya chakula kutoka kinywani hadi chooni, na sahani za ugali ziko mbele yao. Nikikumbuka, masikio yangu yanawaka. Lakini naandika, kwa sababu nimeona aibu ikikaa ndani kwa muda inavimba, na mimi nataka niitazame kwa ukubwa wake wa kweli.

Nianze na shule, kwa sababu mambo yalianzia huko. Ninasoma bweni Kitale, kidato cha tatu, na mwalimu wetu wa baiolojia ni Madam Chelimo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini kiasi kwamba hata wale wa nyuma wanaojipaka mafuta ya midomo wananyamaza ili wamsikie. Siku ya kwanza ya kutufundisha mmeng'enyo wa chakula hakuandika kitu ubaoni. Aligawa vipande vya ugali baridi kutoka jikoni akasema tutafune, tusimeze. Tukatafuna. Watu wakacheka, akasema endeleeni. Baada ya muda ule ugali wa jana, usio na chumvi wala mboga, ukaanza kuwa mtamu mdomoni mwangu, utamu mdogo kama wa muwa uliokwisha kufyonzwa, na nikatazama huku na huku kuona kama ni mimi peke yangu.

"Hiyo ni sukari," Madam akasema. "Hakuna mtu amekuwekea. Mate yako yamekata wanga ukawa sukari, na bado hujameza."

Halafu akasema jambo ambalo limekaa nami mpaka leo. Alisema mtu akimeza chakula asifikiri kimeshaingia ndani yake. Bado. Kutoka mdomoni mpaka mwisho ni njia moja ndefu iliyopita katikati ya mtu, na chakula kilicho tumboni kiko njiani tu, kinapondwa, kinamwagiwa asidi, kinamwagiwa nyongo, kinakatwakatwa na vimeng'enya (hivyo ni kama dawa ambazo mwili unatengeneza wenyewe za kuvunja chakula) mpaka kiwe kidogo sana kiasi cha kupita kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kiingie kwenye damu. Hapo ndipo unaweza kusema umekula. Kabla ya hapo umebeba tu.

Usiku huo nililala nimeweka mkono juu ya tumbo, nikifikiria maharagwe ya jioni yakisafiri gizani bila mimi kuyaamuru. Mimi ni mtu wa kufikiria vitu kama hivyo. Ndiyo maana sina marafiki wengi.

Tulipofunga shule mwezi wa nane Madam akatupa kazi: kila mtu arudi na kitu kinachoonyesha jinsi mnyama anavyosaga chakula, iwe mchoro, iwe kifaa, iwe kiungo chenyewe. Wenzangu walianza kuongea juu ya karatasi kubwa na rangi. Mimi moyoni nikasema kiungo chenyewe. Nilitaka kitu ambacho ningekiweka mezani kikae hapo kiniongelee, kwa sababu mwenye mchoro huambiwa asimame aueleze, lakini kiungo ndani ya chupa watu huja wenyewe wakainama wakaangalia. (Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yangu. Sasa cheka.)

Nyumbani kwetu ni nje kidogo ya mji wa Bungoma, upande wa miwa. Nilipofika nikakuta nyumba imepakwa upya na dada yangu Nasimiyu hapiti karibu na mtu bila kutabasamu peke yake. Alikuwa amepata mchumba, Moses, fundi wa trekta kutoka Kitale, na watu wa Moses walikuwa wanakuja Jumamosi kuongea na Baba. Senge alikuwa ameshafika siku mbili mbele kusimamia mapishi. Senge ni dada yake Baba, mwanamke mkubwa wa kila kitu, mwili, sauti na moyo, na ana kopo lake la tumbako ya kunusa ambalo analitembelea mara nyingi kiasi kwamba pua yake haisikii tena harufu ya kitu chochote, hata mboga ikiungua anaambiwa na watoto.

Kwa asiyetoka huku lazima nieleze habari ya kuku. Kwetu kuku wa mgeni hafiki mezani amepunguka. Vipande vyake vinajulikana, mgeni akiangalia bakuli anajua kama yuko mzima, na juu kabisa inakaa firigisi, ambayo ni ya mzee anayeheshimiwa kuliko wote pale. Wanawake na watoto hawaigusi. Mzee akifunua bakuli akakosa firigisi hatasema kitu hapo hapo, lakini ameshaelewa kwamba kuna mtu jikoni ameila, na kama ni siku ya posa, mtu huyo ni msichana anayeposwa, kwa maana yeye ndiye mwenye kuku. Msichana aliyeshindwa kuilinda firigisi ya mgeni atalinda nyumba ya nani? Sijui nani alianza hesabu hiyo, lakini Mama anasema ameona posa ikilala kwa ajili ya hilo na isiamke.

Kwa hivyo mtaniuliza, wewe Naliaka, ulijua yote hayo na bado ukachukua? Nilijua. Lakini kuku walikuwa wawili, jogoo wa wakwe na tembe wa watu wa nyumbani. Baba akila tembe haangalii, anakula huku akisikiliza redio. Nikajiambia firigisi ya tembe hakuna mtu ataiulizia, na kama nikimwomba Senge atataka kujua ya nini, na kueleza ya nini ilikuwa ni maneno mengi. Nikaona ni rahisi kunyamaza. Hiyo ndiyo ilikuwa hatua yenyewe, ndogo hivyo.

Jumamosi asubuhi nikapewa kazi ya kuwanyonyoa manyoya kuku wote wawili nyuma ya jikoni (kazi ya watu wasioongea na wageni), na nilipompasua tembe nikajisahau kabisa. Nilifuata njia kwa kidole: koo, halafu gole, ule mfuko wa chini ya shingo, ambalo lilikuwa bado na mahindi makavu mazima kama yalivyookotwa, halafu firigisi yenyewe, ngumu kama ngumi ya mtoto. Nikaipasua katikati. Ndani kulikuwa na changarawe, kipande cha kigae kilicholainika pembe zote, na mahindi yaliyokuwa nusu unga. Nikakaa nikatazama. Kuku hana meno, kwa hivyo anameza mawe yamfanyie kazi ya meno huko ndani. Sisi meno yetu tumeyaweka mlangoni, yeye ameyaweka chumba cha pili. Nikaosha, nikaitia kwenye chupa ya jamu, na kwa kuwa Madam alituambia kiungo kisipowekwa dawa kinaoza, nikamimina spiriti ile tunayowashia karabai mpaka ikafunikwa. Nikaificha chumbani kwetu nyuma ya debe la unga.

Halafu nikatumwa kwa jirani kuazima viti na vikombe.

Nilichelewa kule. Yule mama jirani alitaka kwanza ajue Moses ni mtu wa namna gani, na mimi najibu neno moja moja, basi inachukua muda. Niliporudi na viti kichwani pikapu ya wageni ilikuwa tayari imesimama uani, na nje ya jikoni Senge alikuwa anajipepea na kifuniko cha sufuria.

"Umeokoka wewe," akaniambia. "Tulikuwa na vita hapa. Wameongeza mtu. Wamekuja na mjomba wa kijana, yule Mzee Wekesa mwenye posho mill ya kusagia mahindi, na bila yeye ati hakuna ng'ombe anahesabiwa. Sasa ningempa nini? Ikabidi huyu tembe naye aende kwa wageni."

Nikasimama na viti kichwani.

"Naangalia sufuria, filigisi ni moja. Moja! Nikamwambia Nasimiyu, mama, umeila? Analia, ati hajaila. Si nikatafuta? Nikaikuta kwenye chumba chenu ndani ya chupa, mtu ameitia kwa maji-maji fulani. Sikusema kitu. Nimeiosha, nimeikaanga na kitunguu, imeenda." Akanusa tumbako. "Dada yako ataolewa akiwa na tabia ya kuficha nyama, hiyo ni shauri ya Moses."

"Senge," nikasema, "hiyo ilikuwa spiriti."

"Nini?"

"Kwa chupa. Ni spiriti ya karabai."

Senge akashusha kifuniko polepole. Spiriti ya karabai kila mtu huku anaijua. Kuna wanaume wameinywa wakapofuka, na kuna waliokunywa wasiamke. Akaniangalia, akaangalia mlango wa sebule, na mtu mkubwa kama yule, mwenye sauti ile, akaninong'oneza: "Nenda wewe. Mimi siwezi kuingia bila kanga ya heshima."

Nikaweka viti chini nikaenda.

Mlangoni nikaona kila kitu kwa mara moja. Baba kwenye kiti chake na koti la kanisani. Baba yake Moses na wazee wengine kando ya ukuta, matonge mkononi. Dada yangu amepiga magoti mbele yao na beseni ya kunawia na taulo begani, macho chini, na macho yenyewe mekundu. Na katikati, kwenye kiti kilichotandikwa kitambaa, mzee mwembamba aliyevaa kofia, ambaye ndiye alikuwa anaipeleka firigisi mdomoni. Nikafungua kinywa. Hakuna kitu kilitoka. Nataka mjue kwamba nilijaribu. Mzee akauma. Akaanza kutafuna, na akatafuna sana, kwa sababu (niliona) magego ya upande mmoja hakuwa nayo, alikuwa anaihamisha nyama kutoka shavu hili kwenda lile. Akasimamisha taya kidogo akamwambia Baba, kwa adabu, "Hii inanukia taa."

"Usimeze," nikasema.

Sikusalimu. Sikupiga magoti. Sikusema Mzee. Nilimwambia mtu wa umri wa babu yangu, mbele ya mkwe, usimeze, kama mtu anayemfokea mtoto aliyeokota kifungo.

"Naliaka," Baba akasema. Jina tu.

"Hiyo iko na sumu," nikasema.

Hapo ndipo ningetaka ardhi inifungukie. Kuna maneno ambayo yakitajwa penye chakula cha wageni hayarudishwi. Mzee Wekesa akatema kwenye kiganja. Wazee wengine wakarudisha matonge kwenye sahani bila kuangaliana, na baba yake Moses akasema polepole, akimwangalia Baba, "Tumekuja kuoa hapa ama tumekuja kuzikwa?" Dada yangu akainua uso. Alinitazama vile mtu anatazama nyumba yake ikiungua, hasira bado haijafika, ni kutazama tu.

Nikaanza kueleza. Nikasema si sumu ya kuwekewa mtu, ni spiriti ya taa, niliitia mimi kwa sababu ya shule, na si Nasimiyu aliyeificha, ni mimi, na Senge hakujua kwa sababu pua yake haisikii. (Nje nikasikia Senge akisema, "Ai.") Baba akainuka nusu, akakaa tena. Lakini Mzee Wekesa hakuwa anasikiliza mambo ya nani aliificha. Alikuwa ameshika kiganja chake chenye nyama mbali na mwili kama kitu chenye moto.

"Ngoja kwanza," akasema. "Nyama nimetema, sawa. Lakini mate nimemeza. Si nilikuwa natafuna? Sasa hayo mate nimemeza, saa hii yako wapi?"

Na nilipomwangalia niliona anaogopa. Mzee mwenye posho mill, ambaye bila yeye ng'ombe hawahesabiwi, alikuwa anaogopa kama mimi ninavyoogopa kuitwa ubaoni, na hakuna mtu mwingine chumbani aliyekuwa na jibu lake. Nafikiri ndicho kitu kilichonifungua. Sijui. Nikasema, "Asukutue kwanza, ateme," na dada akasogeza beseni, akasukutua mara kadhaa, akanywa maji, na mimi nikaanza.

Nilimwambia yako tumboni. Nikasema vitu vya spiriti havingoji kama ugali unavyongoja, vyenyewe havihitaji kukatwakatwa, vingine vinapita hapo hapo kwenye ukuta wa tumbo vikaingia kwenye damu haraka, ndiyo maana mlevi analewa kabla hajamaliza kikombe. Lakini firigisi ilioshwa, ikakaangwa, nyingi imeruka na mvuke, na yeye hakumeza nyama, kwa hivyo ni kidogo sana.

"Na hiyo kidogo inaenda wapi?"

"Kwa ini, Mzee. Karibu kila kinachotoka utumboni na kuingia kwenye damu kinapita kwa ini kwanza, linakagua. Ukiona kizunguzungu ama macho yakiingia ukungu, twende hospitali mara moja."

Akageuka akasoma kalenda ya ukutani kwa sauti, mwezi na siku, akatulia.

"Na ugali," akasema, "ule nilikula kabla, umeshachanganyika nayo?"

"Ugali bado uko njiani, Mzee. Bado haujaingia."

"Haujaingia aje na mimi nimeshiba?"

Wenzangu, hapo ningesema ndiyo Mzee, nikatoka. Mtu mwenye akili angetoka. Lakini ndiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu mtu mzima kuniuliza swali akitaka kweli kujua, na nilikuwa na jibu, basi nikamwambia kwamba kushiba ni tumbo limejaa tu. Nikamwambia chakula ni kama mahindi kwenye mashine yake: meno yanasaga, tumbo linasaga tena na asidi, nyongo inakuja kuyavunja mafuta kama sabuni, kongosho linaleta dawa zake, yote hayo mwanzoni mwa utumbo mwembamba, ambao ni mrefu kupita huyu Baba mara nyingi, umekunjwa. Nikachukua taulo begani kwa dada yangu (nikachukua tu) nikamwonyesha zile nyuzi zake ndogo zilizosimama. Nikasema ndani ya utumbo kuko hivi, vidole vidogo vidogo, na kama taulo ingekuwa laini kama meza isingekausha mkono wa mtu, ila kwa kuwa ina vidole inanyonya. Kila kidole kina damu ndani. Sukari ya ugali inapita, nyama iliyokatwa inapita, na mafuta yana njia yake ya pembeni.

"Kumbe ni kunyonya," Mzee akasema. Alikuwa ameinama mbele.

"Binti," akasema baba yake Moses, "sisi tulikuwa tunakula."

"Naliaka, inatosha," Baba akasema.

"Muwache amalize," Mzee Wekesa akasema. "Si mimi ndiye nimemeza?"

Nikamaliza. Mungu anisamehe, nikamaliza. Nikasema kinachokataa kunyonywa, maganda ya maharagwe, nyuzi za mboga, ngozi za mahindi, kinasukumwa kwenye utumbo mpana, huko maji yanarudishwa mwilini, na kikikaa huko sana kinakauka ndiyo mtu anafunga choo, na maji yasiporudishwa vizuri ndiyo mtu anahara, "na kinachobaki ni choo chenyewe."

Neno hilo likabaki limesimama katikati ya sebule pamoja nami. Nikajiona. Miguu mitupu, manyoya ya kuku kwenye sketi, taulo ya wageni imetandazwa mkononi kama utumbo. Mzee mmoja kando ya ukuta akaisukuma sahani yake mbele kwa kidole kimoja. Baba alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Basi," baba yake Moses akasema akisimama. "Leo hatujakula. Na mtu ambaye hajala haongei mambo ya watoto."

Wakatoka. Moses aliyekuwa nje na pikapu akaingia mbio kuuliza kuna nini, akaambiwa awashe gari. Mzee Wekesa ndiye wa mwisho kutoka, akitembea kwa uangalifu kama mtu aliyebeba maji. Kwa hivyo chakula chote kikabaki, kuku wawili, na hakuna mtu kwetu aliyekitamani.

Nilitegemea dada anipige. Hakunipiga. Tulikuwa tunasugua sufuria jioni ile, yeye upande huu mimi upande ule, ndipo akasema bila kuniangalia:

"Leo Senge aliniita mwizi. Nililia mpaka nikapaka poda juu ya machozi. Na wewe ulikuwa unajua kitu kiko wapi."

"Nilikuwa kwa jirani."

"Kabla ya kwa jirani. Tuliamka pamoja, tukachota maji pamoja, ukanisuka nywele. Ungesema tu, dada, nachukua firigisi. Ni maneno mangapi hayo? Wageni umewapa maneno ya kujaza gunia, mimi umeninyima hayo."

Nilisugua sufuria ile ile mpaka ikang'aa. Nimefikiria sana. Ni kweli kwamba mambo makubwa, ya kongosho na ini, yalinitoka kama maji, na jambo dogo la kwetu sisi wawili lilinishinda. Siku zote nimejidhania mimi ni mtu asiye na maneno, nikajionea huruma kwa hilo, na watu wakanionea huruma pia. Kumbe maneno ninayo. Nilikuwa nachagua tu nani asipewe, na niliyemnyima ndiye aliyekuwa karibu zaidi, kwa sababu nilidhani yeye atanielewa hata nisipofungua mdomo. Nasimiyu alikaa siku nyingi bila kucheka. Barua ya Moses haikuja. Senge alirudi kwake bila kuaga vizuri, na Mama akaanza kukunja vile vitambaa vipya vya viti akivirudisha kwenye sanduku kimoja kimoja, jambo ambalo liliniuma kuliko kufokewa.

Halafu wiki ya mwisho ya likizo Moses akaja peke yake akasimama uani, akamwambia Baba kwamba mjomba ni mzima, macho yake ni mazima, na anasema yeye katika nyumba hii bado hajala. Kwa hivyo wanarudi. Ila ana sharti: bakuli lake lipelekwe na yule msichana wa matumbo, si mwingine, ili akiuliza ajibiwe.

Wakaja jana, na Senge alikuwa amerudi kusimamia mapishi. Jogoo alikuwa mmoja mkubwa, na asubuhi nilisema mbele ya Mama, Senge na dada, kwa sauti, "Firigisi hii hapa, mimi naiosha, naiweka kwenye sufuria, mnaona?" mpaka Senge akasema, "Tumeona, mama, tumeona, pumua." Nikaibeba mimi. Safari hii nilipiga magoti na nikasalimu.

Mzee Wekesa akafunua bakuli. Akainusa. "Iko na nini?"

"Chumvi, kitunguu na nyanya, Mzee."

"Na nini tena?"

"Basi, Mzee."

Akaikata vipande vidogo sana na kisu chake cha mfukoni, akisema kwamba mimi ndiye nilimwambia meno yako mlangoni na kwake mlango umebomoka. (Sikumwambia yeye, nilisema jikoni asubuhi ile nikiiosha. Nadhani ni Senge aliyesimulia.) Akatia kipande mdomoni akaanza kutafuna. Na hapo chumba chote kikangoja. Kwa desturi hakuna mtu angeanza kuongea kabla yake, kwa hivyo Baba alingoja, baba yake Moses alingoja na tonge hewani, na mimi nimepiga magoti nikiangalia koo la mzee wa watu kama nimewekwa kulilinda, huku shavu linahama kushoto, linahama kulia, linarudi.

Akameza. Akafuta mdomo. "Hii sasa nimekula," akasema. "Ama bado iko njiani?"

Wazee wakacheka, hata Baba, na uso wangu ukawaka moto kuliko mafiga. Kwa hivyo naweka nadhiri hapa, na mtanikumbusha: sitachukua tena kitu cha watu, hata kwa ajili ya elimu, bila kumwambia mwenyewe kwa mdomo wangu na yeye akaitika, na penye mtu anakula sitataja kitu chochote kilicho chini ya kifua.

Baba akasafisha koo, wakaanza habari ya ng'ombe. Nikachukua beseni nikatoka kwa mlango wa nyuma. Nasimiyu alikuwa amesimama kando ya ukuta wa jikoni, mikono ameifumbata, na kabla hajafungua kinywa kuniuliza nikaanza kumwambia, yote, tangu bakuli lilipofunuliwa.